Jua au salfa? Kusoma matabaka ya nailoni ya kitalu nyumba kwa fotoakustika ya infraredi

Nailoni ya paa la kitalu nyumba cha nyanya, nje kidogo ya mji wa Iringa, ilichanika kabla msimu wa pili wa mvua haujaisha. Iliuzwa kwa dhamana ya miaka mitatu. Muuzaji alikataa kufidia akisema mkulima ameiunguza kwa salfa. Mkulima akashikilia kwamba ameuziwa mali dhaifu isiyohimili jua. Ugomvi huo hauamuliwi kwa kuishika nailoni mkononi, kwa sababu iliyoharibiwa na jua na iliyoharibiwa na salfa zote hufifia, hukakamaa na kupasuka zikikunjwa. Tofauti imefichwa ndani ya unene wa mikromita 200: uharibifu umeanzia uso upi, na umeingia kina gani?

Nailoni yenyewe si kitu kimoja. Ni matabaka matatu yaliyotolewa pamoja kiwandani: nje polithini nyepesi ya mikromita 50 hivi, katikati mikromita 100 za EVA (polima ya ethilini na vinili asetati, inayosaidia kuzuia joto lisitoroke usiku), na ndani tena polithini nyepesi ya mikromita 50 iliyochanganywa na dawa ya kuzuia matone ya maji yasidondokee mimea. Kila tabaka lina kinga ya mwanga, mara nyingi amini maalumu zinazozima mnyororo wa uharibifu kabla haujasambaa.

Hapo ndipo hoja ya muuzaji inapopata nguvu. Amini ni besi, yaani hukamatwa na asidi. Salfa inayopashwa moto usiku ili kuzuia ubwiri unga huacha mvuke kwenye nailoni, na mabaki yake yakikutana na unyevu na oksijeni hutoa asidi inayoibana amini isifanye kazi. Mankozebu, dawa inayopuliziwa sana dhidi ya bakajani, nayo ina salfa ndani ya molekuli zake. Hoja ya mkulima nayo ina uzito: Iringa iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Nailoni yenye kinga kidogo haifiki mbali huko.

Kwa nini fotoakustika

Kupitisha infraredi moja kwa moja kwenye mikromita 200 hakufai. Vilele vikubwa vya polithini, yaani mahali inapofyonza infraredi kwa wingi, humeza mwanga wote, na hata kinachobaki ni jumla ya matabaka yote matatu bila kuonyesha kipi kiko wapi. Kubana sampuli kwenye kito cha almasi huona mikromita 1 hadi 2 za juu tu, tena nailoni iliyokakamaa hupasuka ikibanwa. Fotoakustika hukaa katikati ya njia hizo mbili: huona kutoka mikromita chache hadi makumi kadhaa, na kina hicho hubadilishwa kwa kubadili kasi ya kipimo bila kuigusa sampuli.

Mwanga wa infraredi huingia kwa mapigo ndani ya chumba kidogo kilichofungwa chenye sampuli na gesi. Sampuli ikifyonza mwanga hupata joto kwa mapigo yale yale. Joto husafiri hadi usoni na kuipasha gesi, gesi hutanuka na kusinyaa, na maikrofoni huusikia mtikisiko huo. Alexander Graham Bell aliligundua jambo hili mwaka 1880, na Rosencwaig na Gersho wakaliwekea hesabu kamili mwaka 1976. Kwa kazi ya matabaka jambo la kushika ni hili: wimbi la joto hufifia likisafiri, na hufifia upesi zaidi mapigo yakiwa ya haraka. Kina cha joto ni kipeuo cha pili cha D ÷ (π × f), ambapo f ni idadi ya mapigo kwa sekunde na D ni kasi ya joto kusambaa ndani ya mata. Kwa polithini nyepesi D ni takriban 0.0015 cm² kwa sekunde. Vitabu vingi huweka 0.001 kwa polima zote. Ukiitumia hiyo kwa polithini, kila kina utakachoandika kitakuwa pungufu kwa karibu asilimia 18.

Katika spektromita ya kawaida, ambayo kioo chake husogea bila kusimama, kila urefu wa wimbi una mapigo yake. Ukijua mapigo ya leza ya mashine, f = mapigo ya leza × namba wimbi ÷ 15,798. Namba wimbi ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja, na huandikwa cm⁻¹. Kwa 1715 cm⁻¹, mahali kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni) ya uharibifu inapoonekana, kasi ya 10 kHz, yaani mapigo ya leza 10,000 kwa sekunde, hutoa kina cha mikromita 6.6, 5 kHz mikromita 9.4, na 1.6 kHz mikromita 16.6. Ila kwenye kipimo kile kile cha 1.6 kHz, kilele cha 2915 kinatoka mikromita 12.7 na kile cha 909 kinatoka mikromita 22.8. Spektra moja, yaani mchoro mmoja wa vilele, ina kina tofauti kwa kila kilele. Anayesahau hilo hulinganisha tabaka la juu na tabaka la chini akidhani analinganisha vilele viwili vya mahali pamoja.

Njia ya kioo kinachosogea hatua kwa hatua huondoa tatizo hilo, maana mapigo huwekwa yawe mamoja kwa spektra nzima. Katika kisa hiki yalichaguliwa mapigo 390, 90 na 23 kwa sekunde, yenye kina cha mikromita 11, 23 na 46. Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo. Umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde, na vizidishe vyake, yaani 100, 150, 200 na kuendelea, huingia kwenye maikrofoni kupitia nyaya, transfoma na feni. Kupima kwa mapigo 100 au 400 kwa sababu ni namba za kukumbukika ni kuukaribisha umeme ndani ya matokeo. Hata kwenye njia ya kawaida umeme huacha alama: kwa kasi ya 1.6 kHz, mapigo 100 huangukia 987 cm⁻¹ na mapigo 150 huangukia 1481 cm⁻¹, karibu kabisa na kilele cha polithini cha 1465. Ukiona mwiba mwembamba hapo, badili kasi. Mwiba wa umeme utahama; kilele cha kweli kitabaki mahali pake.

Vipande vilivyokatwa

Kazi hii huharibika au hufaulu wakati wa kukata sampuli, kabla hata mashine haijawashwa. Vipande vya mviringo vya milimita 9 vilikatwa kwa panchi ya chuma kutoka sehemu nne, na kila kimoja kikawekewa alama ya wino pembeni upande wa nje. Alama ikisahaulika, hakuna tena wa kukwambia uso upi uliangalia mbingu.

Sehemu ya kwanza ni katikati ya paa, mbali na mabomba. Ya pili ni pale nailoni ilipolalia bomba la chuma lenye zinki. Ya tatu ni mkunjo uliobaki chini ya ubao wa paina unaobania nailoni kwenye fremu. Haukuona jua wala mvuke, kwa hiyo ni nailoni ile ile ikiwa karibu na upya wake. Ya nne ni paa la kichumba cha kuingilia, kile chenye milango miwili ya kuzuia wadudu.

Hiyo ya nne ndiyo iliyobeba kisa chote. Kichumba kile kimeezekwa kwa roli lile lile, siku zile zile, na kinapigwa na jua lile lile. Ila ndani yake hapapandwi kitu, hapapuliziwi dawa, na milango hufungwa salfa inapofukizwa. Watu wengi wangekata ukutani ili kupata mahali penye salfa kidogo, lakini ukuta hupata jua kidogo pia na hukunjwa juu mchana, hivyo hauwezi kutenganisha washtakiwa wawili.

Vipande vilisuuzwa kwa maji yaliyosafishwa na kufutwa kwa pamba laini bila kusugua. Spiriti na asetoni hazikutumika kwa sababu huvuta viongezi nje ya plastiki. Udongo mwekundu wa nyanda hizi hauondoki wote kirahisi, na una madini ya kaolini yenye kilele karibu na 912 cm⁻¹, jirani wa 909, ambacho ni kilele cha vinili na mojawapo ya alama za polithini iliyokatika kwa mwanga. Njia ya kuvitofautisha ni kutazama 3695 na 3620: kaolini huonyesha vilele viwili vyembamba hapo, vinili haionyeshi chochote. Kwenye uso wa nje wa paa vilikuwepo, basi 909 ya uso huo haikuhesabiwa kabisa.

Baada ya hapo vipande vililala usiku kucha kwenye chombo chenye jeli ya silika. Mvuke wa maji una mistari mingi kati ya 1400 na 1900 cm⁻¹, juu kabisa ya eneo la kabonili, na chumba cha fotoakustika huukuza kwa sababu kinasikiliza gesi yenyewe. Chembe chache za kufyonza unyevu chini ya kikombe cha sampuli husaidia.

Kupima mjini Mbeya

Kipimo kilifanyika katika maabara mjini Mbeya, na mji huo una mambo yake mawili. La kwanza ni mwinuko. Kwenye mita 1,700 kanieneo ya hewa ni kPa 83 hivi badala ya 101, na ishara ya fotoakustika hufuata takriban kipeuo cha pili cha kanieneo, kwa hiyo hupungua kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na pwani. Haidhuru matokeo mradi spektra ya masizi, ambayo ndiyo kipimo cha kugawia, ichukuliwe palepale, siku ileile na kwa kasi ileile. Kugawia sampuli ya Mbeya kwa faili ya masizi iliyokuja na mashine kutoka kiwandani ni kosa.

La pili ni malori. Barabara kuu ya TANZAM inapita katikati ya mji, na mngurumo wa lori zito uko kwenye makumi ya mapigo kwa sekunde, jirani na mapigo 23 yanayotafuta kina kirefu zaidi. Mashine iliwekwa sakafu ya chini juu ya bamba la jiwe lililolazwa kwenye mifuko ya mchanga, na vipimo vya mapigo 23 vikafanywa usiku. Vile vya kasi ya 5 na 10 kHz havikusumbuka hata mchana.

Chumba kilijazwa gesi ya heli kwa mtiririko mdogo wa sekunde 10 hadi 15, kikafungwa. Heli hupitisha joto karibu mara sita ya hewa, na ishara huongezeka mara mbili hadi tatu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza akiba kubwa ya heli katika bonde la Rukwa, bondeni tu kutoka hapa, lakini maabara bado inanunua mtungi na inapaswa kuutumia kwa hesabu. Ukiisha, nitrojeni kavu inafaa: ishara ikishuka hadi theluthi moja, idadi ya michanganuo, yaani marudio ya kipimo, iongezwe mara tisa kurudisha usafi uleule, kwa sababu kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo tu. Kwa heli, michanganuo 256 kwa rezolusheni ya 8 cm⁻¹ ilitosha kila uso.

Nafasi ya gesi juu ya sampuli iachwe ndogo, karibu milimita 1, kwa kuinua sampuli na visahani vya chuma. Gesi ikiwa nyingi, ishara husambaa na kudhoofika. Nailoni iliyokakamaa pia hujikunja, na kipande kilichojikunja hutikisika chenyewe kama ngozi ya ngoma kikipata joto, kikatoa ishara isiyohusiana na kina chochote. Pete nyembamba ya shaba iliyolazwa ukingoni huibana isitikisike.

Mitego ya 1740

Mpimaji mwenye haraka angeona kabonili kubwa kwenye nailoni hii na kutangaza kwamba imeoza. Hata mkunjo ambao haukuona jua una kabonili. EVA ya tabaka la kati ina esta yenye kilele cha 1740. Dawa ya kuzuia matone kwenye uso wa ndani ni esta ya gliseroli, nayo iko 1735 hivi, pamoja na haidroksili pana kwenye 3300. Tena dawa hiyo hupanda juu ya uso na kuoshwa taratibu na unyevu, kwa hiyo kwenye 10 kHz mkunjo mpya ulionyesha 1735 kubwa kuliko paa lililozeeka. Anayesoma namba bila kujua mapishi ya nailoni atahitimisha kwamba nailoni mpya ndiyo iliyoharibika zaidi.

Kabonili ya uharibifu wa kweli iko chini kidogo, 1710 hadi 1720, ambako ketoni na asidi hukaa, na hali ikiwa mbaya hutokea bega kwenye 1780. EVA nayo haitembei peke yake: 1740 yake huandamana na 1240. Kwa hiyo kanuni iliyofuatwa ni moja: 1740 iliyo na 1240 ni EVA mpaka ithibitishwe vinginevyo. (EVA ina 1020 pia, lakini vumbi la udongo linajaa eneo hilo, usiitegemee.) Kwa kugawia kiasi cha kabonili kilitumika kilele cha 1465, kwa kulinganisha vipimo vya kasi moja tu. Vilele vya 2915 na 2848 vimeshiba hata kwa kasi kubwa, vimefika dari yao na havikui tena, basi havifai kuwa mizani ya kitu chochote. 1465 nayo huanza kujipinda kwenye mapigo 23.

Ucheleweshaji ulithibitisha hesabu ya kina. Ishara inayotoka chini huchelewa kufika usoni, radiani moja kwa kila kina kimoja cha joto. Kwa mapigo 23, EVA iliyoanza mikromita 50 chini inatakiwa ichelewe kwa digrii 63 hivi nyuma ya uso, na kubaki na theluthi moja ya nguvu yake. Kwenye mkunjo, 1740 na 1240 zilichelewa pamoja, karibu na hapo. Kwenye 10 kHz kutoka uso wa nje 1240 haikuonekana kabisa, kama inavyotakiwa: mikromita 50 ni zaidi ya mara sita ya kina cha joto cha hapo.

Kilichoonekana

Katikati ya paa, uso wa ndani: 1715 imesimama wazi kwenye 10 kHz, inapungua kwenye 5 kHz, na kwenye 1.6 kHz imebaki kivimbe tu chini ya 1740. Uharibifu uko juu juu ya uso wa ndani, umejaa kwenye mikromita za kwanza kumi hivi. Kwenye mapigo 23, programu ilipowekwa isome ishara iliyo digrii 90 nyuma ya ile ya uso, 1715 ilipotea na 1740 pamoja na 1240 zikabaki. Esta ya chini ni EVA. Ketoni na asidi ni za uso.

Uso wa nje wa kipande kilekile ulikuwa na 1715 ndogo, ya uwiano unaokaribiana kwa kasi zote tatu. Huo ni uzee wa kawaida uliosambaa katika tabaka. Uso unaopokea jua la kwanza, kwenye mwinuko wa Iringa, ulikuwa na afya kuliko uso wa chini yake.

Peke yake, hilo lisingetosha. Muuzaji angefurahi, lakini mkulima angeweza kujibu kwa haki kwamba kiwanda kiliweka kinga kidogo kwenye tabaka la ndani. Paa la kichumba cha kuingilia ndilo lililofunga mjadala. Tabaka la ndani la pale ni lilelile, jua ni lilelile, na 1715 ya uso wake wa ndani ilikuwa ndogo kama ya nje. Tabaka la ndani linastahimili jua la Iringa vizuri. Halikustahimili hewa ya ndani ya kitalu.

Kwenye bomba hali ilikuwa nyingine kabisa. Nyuso zote mbili zilikuwa na 1715 kwa kila kasi, bega la 1780, na 909 kwenye uso wa ndani ambako vilele vya kaolini havikuwepo. Chuma kinachopigwa na jua huwaka mchana kutwa, na joto hukaanga nailoni unene wote. Michaniko ilianzia hapo. Kama paa lingekuwa na afya, upepo ungechana mstari wa bomba peke yake. Ulitembea hadi katikati ya paa kwa sababu uso wa ndani ulishakuwa ngozi ngumu, na ufa mdogo juu ya ngozi ngumu hupenya hadi plastiki laini iliyo chini yake.

Kuna yasiyoweza kusemwa kwa kipimo hiki. Amini za kinga ziko kidogo mno, chini ya asilimia 1 au 2 kwa uzito, hazionekani kati ya vilele vya polithini. Salfa yenyewe haikupimwa. Ripoti ilipendekeza kipimo cha eksirei cha elementi kwenye vipande vya paa na vya kichumba. Wala fotoakustika haitofautishi mvuke wa salfa na mankozebu, kwa sababu zote hufika kwenye uso uleule.

Mapendekezo yalikuwa machache. Chungu cha salfa kikae mbali na nailoni, joto lake liishie kuyeyusha na lisifike kuunguza, na kitalu kifunguliwe asubuhi mapema kabla jua halijapanda juu ya unyevu wa usiku. Mabomba yafungwe kitambaa cheupe, au nailoni ipakwe rangi nyeupe ya maji kwa nje pale inapolalia bomba. Na roli jipya likifunguliwa, mita moja ikatwe, iandikwe tarehe na upande wa nje, ifungwe kwenye karatasi nyeusi na kuwekwa kabatini.

Jedwali la ripoti lilikuwa na safu nne: uso, mapigo, kina pamoja na D iliyotumika, na uwiano wa 1715 kwa 1465. D iliandikwa kwenye kila mstari ili anayetumia thamani nyingine aweze kurudia hesabu ya kina bila kuomba faili.